Mshika Mabega

Kuunga mfupa wa mtu mzima ni kazi ya watu wawili. Mmoja anakaa chini, kwenye mguu. Huyo ndiye anayevuta, anapapasa na kuusikiliza mfupa mpaka urudi mahali pake. Mwingine anakaa juu, kichwani, ameshika mabega ya mgonjwa asije akaburutwa mzima mzima kama gogo. Nyumbani kwa Damari, katika kijiji kilicho nje kidogo ya Mafinga ukifuata njia ya malori ya mbao, aliyekaa chini alikuwa Damari mwenyewe. Aliyeshika mabega alikuwa shemeji yake, Ambrosi, mdogo wa marehemu mumewe.

Sasa tazama jambo dogo linavyozaa kubwa. Mfupa ukivutwa, mgonjwa huzimia au hufumba macho kwa maumivu. Akizinduka, uso wa kwanza kuuona ni wa Ambrosi, umemwinamia, unatoka jasho, unamwambia, "Tayari, kaka. Pole sana." Damari wakati huo amempa mgongo, anafunga vibanzi vya mwanzi kwa vipande vya kanga. Basi mgonjwa anamshika Ambrosi mkono. "Mungu akubariki, mzee." Ambrosi anaitikia, "Amina."

Mara ya kwanza Damari alicheka mpaka akakaa chini.

"Shemeji, umeshukuriwa wewe!"

"Nimkatalie? Mtu katoka kuzimu sasa hivi."

"Usimkatalie. Mwache."

Na si hivyo tu. Wale vijana wa kukata miti na kupasua mbao wana maneno. Kijana akirudi kazini na ikajulikana kwamba alivutwa mguu na mama akalia, atataniwa mpaka akimbilie Mgololo. Damari akawa anawaambia mwenyewe, kwa huruma tu: "Wakikuuliza, sema ni Ambrosi." Vijana wakashukuru, wakasema hivyo. Akina mama na watoto hawakuhitaji mshika mabega mwanamume, kwa hiyo wao walimjua aliyewatibu. Lakini nani anakwenda kwenye mashine za mbao kuwauliza akina mama?

Kazi hiyo Damari aliipokea kwa mama mkwe wake. Mama mkwe huyo alikuwa na habari aliyopenda kuisimulia jioni, bakuli la ulanzi, pombe ya mianzi, likiwa mkononi. Kwamba zamani, wazungu wa misheni walipojenga hospitali, walisikia sifa zake wakamwita. Akakaa nao akiwaonyesha jinsi ya kupapasa na jinsi ya kufunga. Waliporidhika wakamwambia alete mtu afundishwe udresa, kazi ya kufunga majeraha, ila awe mwanamume. Akampeleka shemeji yake. Yule bwana akavaa kaptula nyeupe, akaitwa daktari mpaka anazikwa. Mama mkwe alirudi nyumbani na blanketi.

"Na blanketi lenyewe lilikuwa zuri!" bibi alimalizia hivyo, akacheka. Damari naye akacheka. Alikuwa bibi harusi mpya, na blanketi hilo ndilo alilokuwa akijifunika.

Mambo yalianza kubadilika pale mwenyekiti wa kijiji alipotangaza mkutanoni kwamba mganga asiye na kitambulisho asiguse mtu. Kulikuwa na umoja mmoja wa waganga wa asili, makao yake Uyole, kule Mbeya. Wao ndio wangepita kukagua na kutoa vitambulisho, na utaratibu wao ulikuwa nyumba moja, kitambulisho kimoja. Damari hakuona shida. Nyumba ni yake, kazi ni yake. Shida ilikuwa safari tu. Magoti yake yalikuwa hayapendi basi.

"Nitakwenda mimi, shemeji," Ambrosi alisema. "Wewe na maneno ya ofisini wapi na wapi. Niachie mimi mdomo, wewe kaa na mikono yako."

"Uwaambie vizuri basi. Waambie nilianza tangu kaka yako yuko hai."

"Nitawaambia yote."

Akaenda. Alirudi na mchele, na salamu, na habari kwamba wajumbe watakuja, na kwamba watataka mashahidi waliopona. Damari alimchinjia kuku kwa kuwa alikuwa amechoka na njia. Ndivyo alivyomwamini.

Siku ya ukaguzi ilipofika, ukungu wa Mufindi ulikuwa bado umekaa juu ya misonobari. Gari lilileta wajumbe wawili. Mwenyekiti wao aliitwa Bartholomeo, mtu mnene, mcheshi, shingoni ana kitambulisho na miwani vikigongana. Wa pili alikuwa mama mmoja wa Kinyakyusa, Atuganile, mjumbe upande wa akina mama, aliyebeba mhuri, karatasi, na pia birika la chai la safari.

Damari alitoka kuwapokea amevaa gauni lake la kanisani.

"Kamwene," aliwasalimu.

"Kamwene, mama, kamwene! Kihehe changu kinaishia hapo hapo," Bartholomeo alicheka. "Wewe ndiye mke wa dokta?"

"Dokta gani?"

"Dokta Ambrosi."

Damari alimgeukia Ambrosi. Ambrosi alikuwa amevaa koti jeupe ambalo yeye hakuwahi kuliona, jipya, mikunjo ya dukani bado iko kifuani. Ambrosi alitazama gari.

"Huyu ni shemeji yangu," alisema kwa haraka. "Ndiye msaidizi wangu. Ananichemshia maji, ananifungia bandeji. Yuko vizuri sana."

Kuna maneno yakimpiga mtu ghafla hayaumi papo hapo. Damari alibaki amesimama, akifikiri labda hii ni namna ya kuzungumza na wageni, kwamba Ambrosi ataizungusha, mwisho wake itarudi palipo sawa. Alimvuta kando, kwenye kizingiti cha jiko.

"Ambrosi, umefanya nini?"

"Tulia, shemeji. Walisema pale pale kwamba mifupa ni kazi ya mwanamume, kwamba mama anasajiliwa kwa ukunga na dawa za watoto. Ningelitaja jina lako tungekosa wote. Kitambulisho ni karatasi tu. Kazi tutafanya kama kawaida."

"Mimi nivute, wewe uitwe?"

"Si ndivyo tulivyokuwa tukifanya siku zote?"

Mtu akikuibia kwa ufunguo uliompa mwenyewe, utapiga yowe gani?

Lakini mashahidi walikuwa bado. Na kati ya mashahidi hao alikuwamo Mihayo.

Huyu Mihayo alikuwa Msukuma wa bonde la Usangu, mfugaji, aliyeanguka kutoka kwenye lori la ng'ombe akavunjika paja. Katika wanaume wote waliopita kwenye mkeka ule, ni yeye peke yake aliyekataa kuzimia. Aling'ata kijiti, akainua kichwa, akatazama mikono ya Damari mwanzo hadi mwisho. Ilipokwisha alitema kijiti akasema, "Mayu, kumbe ni wewe!" Alikaa uani kwa Damari mpaka akatembea. Tangu hapo kila alipoleta ng'ombe mnadani alipita na debe la mchele wa Usangu, akimwita mayu, yaani mama kwa kwao. Aliwahi kumwambia, "Mayu, siku ukitaka mdomo wangu, niite. Nitakuja hata kwa mguu, maana mguu wenyewe ni wako."

Damari alikuwa amemwita. Alimwona amekaa kwenye benchi la wanaume, fimbo yake kati ya magoti, na moyo wake ukatulia.

Bartholomeo alianza kuhoji. Mpasua mbao wa kwanza alisimama akasema alivunjika mkono, akatibiwa na mzee Ambrosi. Wa pili akasema mguu, mzee Ambrosi. Hawakuwa waongo hao. Walikuwa wanasema walichokiona walipofumbua macho. Atuganile aliandika. Wa tatu, dereva wa trekta, alijikuna kisogo akasema yeye pia ni Ambrosi, ila mama alikuwapo, tena mama ana mikono mizito sana. Wanaume wakacheka.

"Kumbe mama naye anashika shika!" Bartholomeo alitania. "Hebu semeni ukweli, waungwana, hapa yupo aliyevutwa na bibi?"

Benchi zima liliangua kicheko.

"Nani akubali, mwenyekiti? Atakosa mke!"

Ikafika zamu ya Mihayo. Alisimama taratibu. Nyuma ya benchi, kwenye kigoda cha peke yake, alikuwa amekaa mzee mmoja mwenye koti refu, ambaye Damari alikuwa hajamtambua. Ndipo Mihayo akamtambulisha kwa adabu: ni baba mkwe wake, Ngolo, wamekuja pamoja kwa ajili ya mnada.

"Ulivunjika wapi?" Bartholomeo aliuliza.

"Paja."

"Paja! Hilo ni la wanaume. Ulitibiwa wapi?"

"Nyumba hii."

"Kwa mkono wa nani?"

Mihayo alimtazama Damari. Alimtazama vizuri kabisa, si kwa pembe ya jicho. Kisha akamtazama mkwewe. Kwao mtu haketi hata kwenye mkeka mmoja na mkwe, sasa amwambie mbele ya watu kwamba mama wa makamo ya mama mkwe wake alimvua nguo akashika paja? Damari aliliona hilo. Alilielewa. Akamwombea moyoni alivuke.

"Nilipona nyumba hii," Mihayo alirudia.

"Tumesikia. Mkono wa nani, ndugu?"

"Ambrosi... alikuwepo."

"Andika Ambrosi," Bartholomeo alimwambia Atuganile.

Mihayo akakaa. Akaishika fimbo yake kwa mikono miwili, akainamisha uso. Na Damari, aliyekuwa ameshika sufuria la maji ya moto, aligundua kwamba mpini unamuunguza na kwamba ameushikilia muda wote huo.

Pengine yote yangeishia pale, mhuri ukapigwa, watu wakala. Lakini pikapu ililia getini. Vijana wa mashine ya mbao walimshusha mwenzao, Ezekiel, mgeni kutoka kaskazini ambaye hata mwezi hajaumaliza kazini. Gogo lilikuwa limembingirikia kwenye muundi.

"Dokta! Dokta Ambrosi yupo?"

Bartholomeo alisugua mikono. "Mungu ametuletea mtihani mwenyewe. Dokta, fanya kazi, sisi tutazame. Kuku yuko wapi? Kule kwetu huvunjwa kuku mguu kwanza, akipona kuku na mgonjwa amepona."

"Hapa hatuvunji kuku," Ambrosi alisema. "Kuku ana kosa gani?"

Watu wakacheka, lakini yeye hakucheka. Alikuwa akimtazama Damari, na macho yale Damari aliyajua. Ni macho ya mtu aliyejisifia kuogelea, sasa mashua imepinduka.

Wakamlaza Ezekiel kwenye mkeka. Kwa mazoea Damari alikwenda miguuni, akapapasa. Ngozi ilikuwa nzima. Ingetoboka, asingegusa, mfupa uliotoka nje ni wa hospitali, ndivyo alivyofundishwa. Vidole vilikuwa na joto. Mfupa umepanda juu ya mwenzake, na umegeuka kidogo kwa ndani.

"Mama, mpishe dokta," Bartholomeo alisema kwa upole. "Wewe shika mabega."

Ua wote ulikuwa ukitazama. Damari aliinuka. Alipishana na Ambrosi katikati ya mkeka, nguo zikagusana, na kwa mara ya kwanza katika maisha yao yeye akaenda kichwani na Ambrosi akaenda chini.

Ilikuwa kazi rahisi kabisa kunyamaza. Angenyamaza, Ambrosi angevuta bila kugeuza, mfupa ungekaa kombo, kijana angepiga ukelele ambao hata mnene yule wa Uyole angejua maana yake. Koti jeupe lingevuliwa pale pale. Damari asingetakiwa kusema neno hata moja. Aliyatazama haya yote kama mtu anayetazama mlango ulio wazi.

Kisha Ezekiel akainua macho. Kijana mwenyewe alikuwa na vumbi la mbao kwenye kope.

"Mama, nitatembea?"

Ambrosi alikuwa ameshashika kisigino. Alikishika vibaya, dole gumba likiwa upande usio wake. Kwa mshiko ule kijana angechechemea mpaka kaburini.

Damari akafungua mdomo. Alisema kwa Kihehe, polepole, uso wake ukiwa umemwelekea mgonjwa. Peleka dole gumba nje. Usivute bado. Mkono wa kushoto chini ya goti. Sasa vuta, kama unavyochomoa muhogo, usikurupuke. Vuta. Geuza kwa nje, kidogo, kidogo. Umesikia? Acha. Shikilia hapo hapo.

Ezekiel alipiga yowe moja, akalegea. Mfupa ukarudi. Damari aliusikia kutoka kule juu, kupitia mabegani.

Wajumbe wa kutoka Mbeya hawakujua Kihehe. Wanaume wa benchi wengi walikuwa watu wa kuja, na wachache wa pale waliosikia waliangalia viatu vyao.

"Mnaona?" Bartholomeo alisema, amefurahi kweli. "Dokta anavuta, mama anaomba. Tiba na sala! Piga mhuri, mama Atuganile."

Wanaume wakapiga makofi. Ambrosi alifuta jasho kwa mkono wa koti jeupe. Kitambulisho kikavishwa shingoni mwake, na wageni wakakaribishwa ndani kwa ugali na kuku.

Damari alifunga vibanzi mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuvifunga. Atuganile alibaki nyuma. Alichutama karibu naye, akashika upande mmoja wa kanga bila kuombwa.

"Ndaga, dada," Damari alimshukuru, maana neno hilo moja la Kinyakyusa alikuwa nalo.

"Kihehe sikijui," Atuganile alisema kwa sauti ya chini. "Lakini nilikuwa natazama mikono yake. Ilikuwa inasubiri wewe useme."

"Kama umeona, kwa nini umepiga mhuri?"

"Dawa za tumbo zinazouzwa pale Uyole kwa jina la mume wangu, unadhani nani anachimba? Anachemsha nani? Mume wangu hajui hata mti wenyewe una majani ya namna gani. Ningesema lako, dada, wangeuliza na langu."

"Kwa hiyo umeona ni heri tuwe wawili."

Atuganile aliachia ncha ya kanga pale fundo lilipokaza, akachukua mhuri wake na birika lake, akaingia ndani kula.

Mihayo alikuwa ameshaondoka. Mlangoni aliacha debe la mchele. Damari alilitazama, akaliacha pale pale kuku wadonoe.

Ezekiel alizinduka. Uso wa kwanza aliouona ulikuwa wa Damari, umemwinamia, unatoka jasho. Damari alisubiri. Miaka yote alikuwa amejiambia kwamba ni habari ya mahali pa kukaa tu, kwamba mtu humshukuru anayemwona. Haya, leo anaonekana yeye.

"Tayari, mwanangu," alimwambia. "Pole sana."

"Asante, mama. Niliisikia sauti yako. Ulikuwa unaniombea." Kijana alitabasamu, akageuza kichwa huku na huku. "Dokta yuko wapi? Nataka nimshukuru."

Damari alitaka kumwambia. Neno lilifika kwenye ulimi. Lakini angesema nini? Mpaka jana kusema ni Ambrosi kulikuwa uongo, na leo ni kweli: Ambrosi alivuta. Yeye mwenyewe, kwa kinywa chake, ndiye aliyeufanya uongo ule kuwa kweli, mbele ya mashahidi.

"Dokta anakula," alisema.

Akainuka, akawaita wale vijana wa pikapu. Akawaambia wamrudishe mwenzao garini, tena watandike godoro, wampeleke hospitali Mafinga akawekwe plasta. Walishangaa. Si mgonjwa hulala hapa hapa, uani, mpaka apone?

"Mgonjwa hulazwa na mganga," Damari alisema. "Mimi ni wa maji ya moto."

Ambrosi alisikia mlio wa injini, akatoka mbio, vidole vina mchuzi, kitambulisho kinaruka ruka tumboni.

"Shemeji! Unampeleka wapi mgonjwa wangu? Wajumbe wako ndani, utaniaibisha!"

Damari alikuwa ameshapanda nyuma ya pikapu, amekaa miguuni pa Ezekiel, mguu ule ameuinua kwenye mapaja yake.

"Usiku huu vidole vyake vikipoa utajua?" alimuuliza. "Fundo likimbana utalegeza lipi?"

Ambrosi aliutazama mguu ule, kisha akageuka kutazama mlango.

"Haya. Nenda ukale."

"Na watakaokuja kesho? Shemeji, kesho utarudi lakini? Tutafanya kama leo, wewe useme tu, mimi..."

"Kwa wanaume wako, Ambrosi, mdomo huu hautafunguka tena. Wakija, waonyeshe barabara ya hospitali. Mtoto wa mtu akichechemea kwa sababu yako, nitakwenda Uyole kwa haya haya magoti."

Pikapu iliondoka. Nyuma yao, mlangoni, Bartholomeo alitokeza na mfupa wa kuku mkononi akauliza ni nani huyo anayeondoka na mgonjwa wa dokta. Mtu akamjibu kwamba ni yule mama msaidizi.

Barabara ya malori ina makorongo. Kila gari lilipoyumba Damari aliuinua mguu juu kidogo kwa viganja, akaushusha gari lilipotulia, akauinua tena. Vumbi jekundu liliwapanda wote wawili. Ezekiel alikuwa akitazama vilele vya misonobari vikipita, amepata nafuu, amechangamka, anataka kusema neno jema.

"Usijali, mama," alisema. "Nikirudi kazini nitawaambia wote. Dokta Ambrosi ni kiboko."

"Tuliza mguu," Damari alimwambia.